Meza ya Kubebwa na Watoto Wawili

Tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua chumba cha kulelea watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Jengo lilikuwa la kampuni ya nyumba za kupanga. Wazazi walishinda kazini, huku nyuma watoto wakizurura kwenye ngazi na kuchafua kuta. Kampuni ikapiga hesabu kwamba pesa inayoishia kwenye ukarabati ingeweza kulipia malezi. Kwa kuwa fungu halikutoka serikalini, hakuna aliyemlazimisha kuweka madawati ya shule. Akaita seremala.

Kujua alichokikwepa ni muhimu. Dawati la Ulaya la wakati ule lilikuwa kazi ya kitaalamu kwelikweli. Madaktari waliogopa watoto kupinda mgongo na kuharibika macho, wakapima umbali wa benchi na meza mpaka sentimita za mwisho, kisha vyote vikaunganishwa visicheze. Mjerumani Wilhelm Rettig alibuni dawati lililofungwa sakafuni kwa bawaba, likaweza kuinuliwa upande ili chini pafagiwe. Ufagio ulifikiriwa. Mtoto hakupewa ruhusa ya kusogea.

Montessori aliuliza swali la kidaktari: mgongo ukipinda kwa sababu ya kukaa, dawa ni kuutafutia kiti bora au kupunguza kukaa? Meza aliyoagiza ilikuwa ya mstatili, yenye miguu mipana ya pembe nane iliyotanuka kwenda nje. Mtanuko huo ulifanya isiyumbe bila kuongezewa uzito. Kipimo chake kilikuwa wazi: watoto wawili wa miaka minne waweze kuibeba. Viti vya kwanza vilikuwa vya kusukwa, vikachakaa upesi, akahamia vya mbao tupu, navyo vyepesi.

Wakosoaji walisema watoto wataangusha viti na darasa litakuwa soko. Jibu lake ndilo ninaloliona kuwa kiini cha ubunifu wote. Dawati zito humvumilia mtoto mzembe: anajigonga, anapita, hakuna kinachoanguka, na wala hajui kwamba amekosea. Kiti chepesi humwambia papo hapo, kwa kishindo. Kwa hiyo wepesi ule ulikuwa sehemu ya somo. Na somo lilifundishwa hasa: kiti kinashikwaje, kinainuliwa badala ya kuburutwa, kinawekwa chini mguu mmoja baada ya mwingine bila kulia. Shule nyingi zinazonunua siku hizi mito, stuli za kuzunguka na mipira ya kukalia huruka hatua hii. Wiki ya pili kunakuwa na ugomvi wa nani anakalia mpira, na mwalimu anavirudisha stoo.

Kabati lina kisa chake. Mwanzoni vifaa vilifungiwa. Montessori mwenyewe amesimulia kwamba siku moja mwalimu alisahau kulifunga, akakuta watoto wamekwisha kujichagulia kazi. Rafu zikashushwa hadi kimo cha mtoto, zikaachwa wazi. Bila hilo, kukaa popote hakuna maana, kwani mtoto angelazimika kumrudia mwalimu kila anapotaka kitu. Mkeka mdogo wa sakafuni ukakamilisha mpango: anayeukunjua anaweka mpaka wa kazi yake, wengine wanauzunguka. Mtoto wa pwani aliyepita chuo cha Kurani hahitaji kuelezwa mkeka. Ila kule wanakaa wengi kwenye mmoja.

Huku kwetu Tanzania, dawati la kukaliwa na wanafunzi watatu lina sababu zake. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoleta wimbi la wanafunzi, serikali ya Rais Magufuli iliagiza mikoa imalize upungufu wa madawati. Lengo lilikuwa kumwondoa mtoto kwenye vumbi, na kwa lengo hilo dawati la chuma na mbao, benchi na meza vikiwa vimechomelewa pamoja, ni gumu kushindwa: linadumu, halipotei, linahesabika. Lakini mwambie mwalimu apange makundi ya kuhesabu kwa vizibo vya soda. Walio mbele inabidi wapige magoti juu ya benchi wakitazama nyuma, na vizibo vinateleza kwenye meza iliyoinama.

Meza za San Lorenzo haziwezi kuenea katika darasa la watoto 90, na sioni haja ya kujidanganya. Darasa la awali linaweza kuanza na rafu fupi na mikeka midogo, vitu ambavyo seremala na msuka mikeka wa karibu wanaviweza. Kinachokwamisha kwanza ni sakafu. Kwenye saruji iliyochimbika mkeka haukai sawa, meza nyepesi inayumba, na kiti kinaanguka hata kwa mtoto mwangalifu, somo lote la kishindo likapotea. Fundi wa sakafu aje kabla ya seremala.