Fundi wa Chai na Milango Yake ya Fahamu

Katika viwanda vya chai vya Mufindi mkoani Iringa, na vya Rungwe mkoani Mbeya, jambo gumu ni kujua wakati. Majani mawili na chipukizi huchumwa, hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha huachwa yapate hewa mpaka rangi ya kijani igeuke shaba. Yakikaushwa mapema, chai hubaki na ukali wa majani mabichi, yakicheleweshwa, hupooza. Saa ya ukutani haitoshi, kwa kuwa badiliko hilo ni la kikemia na baridi hulipunguza kasi: dakika zilizotosha Novemba hazitoshi Julai, Mufindi inapojaa ukungu. Hapo fundi huchota konzi moja. Kiganja hupima unyevu, jicho husoma rangi, pua husubiri harufu ya nyasi iipishe ile tamu. Siusifu ufundi huu kwa ukali wa pua. Nausifu kwa sababu msimu baada ya msimu umeifundisha milango ya fahamu kusahihishana.

Wapo watakaosema kwamba milango hiyo hudanganyana zaidi ya kusahihishana, na ushahidi wanao. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limekwisha kuiamulia pua. Hoja hiyo naikubali, ila naona inathibitisha thamani ya mafunzo. Waonjaji wa chai wanaujua udhaifu huo, ndiyo maana kipimo cha kimataifa kilichotolewa kwanza mwaka 1980 kinadai gramu 2 kwa mililita 100 za maji, kwa dakika 6, kila kikombe sawa na chenzake. Kisha mwonjaji hufyonza kijiko kwa kishindo, mvuke upande puani kupitia nyuma ya kinywa, maana ulimi peke yake haujui ila ladha chache.

Mashine nazo hupima joto na unyevu vizuri kuliko kiganja, lakini kila moja hupima kimoja, ilhali mnywaji hupokea vyote kwa mkupuo. Basi kiwanda kinachonunua vipimo vipya kimweke pia kijana kando ya fundi mzee, misimu yote, ya mvua na ya baridi.