Mtu wa Ndegeni na Mtu wa Njiani: Uhakiki wa Kitabu cha Vita vya 1914–1918

Kila kitabu cha vita kimeandikwa kutoka mahali fulani. Kipo kilichoandikwa na mtu wa handakini, kipo kilichoandikwa na jenerali mezani pake, na kipo kilichoandikwa na mtu wa angani. Kada anayekisoma hana budi kuanza na swali hili: mwandishi alikaa wapi, na ni jasho la nani lililomweka hapo?

Kitabu tunachokihakiki ni Flying and Sport in East Africa, kilichotolewa mwaka 1920. Mwandishi wake, Leo Walmsley, alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1892 na kukulia Robin Hood's Bay, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Yorkshire. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mtazamaji katika Kikosi cha Ndege Na. 26, kilichofika Mombasa mwanzoni mwa 1916. Mtazamaji ni mtu wa pili ndegeni: rubani huendesha, yeye huipeleleza nchi iliyo chini na kutoa taarifa. Ndege hizo za mbao na kitambaa zilichukua mabomu pia. Walmsley alitajwa mara 4 katika taarifa za vita, akapewa nishani ya Military Cross, na baada ya ajali ya ndege akarudishwa kwao.

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro. Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walikuwa wamekwisha kuondoka, wakiizunguka Milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, ambako mapigano yalifanyika mwezi Septemba. Milima hiyo ina vilele vinavyopita mita 2,600, na mabonde yake yalikuwa na misitu. Mtu wa ndegeni huona msitu, mto na moshi. Aliye chini ya miti hamwoni. Bomu likiangushwa porini, aliyeliangusha aghalabu hajui limempata nani.

Hapa ndipo penye hitilafu ya msingi. Ndege haikupaa kwa ushujaa wa watu wawili tu. Petroli, mabomu na vipuri vilitoka bandarini kwa reli na malori, na pale barabara ilipokwisha au lori liliponasa matopeni, mali ya jeshi ilipanda vichwani mwa Waafrika. Tufanye hesabu ndogo. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga, naye hula kilo 1 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, kilo 20 amekula mwenyewe. Jeshi limepata kilo 5. Ndiyo maana vita hivi vilimeza watu wengi kiasi kile. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wanaokaribia 1,000,000, wengi wao kwa nguvu, na kwa hesabu wanayoitumia wanahistoria wengi walikufa wasiopungua 95,000. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Wajerumani nao waliwakamata wanavijiji vivyo hivyo. Mabeberu waligombana wao kwa wao. Mzigo ulikuwa wetu.

Tazama sasa jina la kitabu. Linataja kuruka na linataja “sport”, neno ambalo kwa wakoloni wa wakati ule lilikuwa na maana ya kuwinda kwa starehe. Nchi moja, mwaka mmoja: kwa mmoja ni uwanja wa mawindo, kwa mwingine ni njia ya kufia. Tusidhani kwamba Walmsley alisema uongo. Tatizo ni kwamba ukweli wake ni ukweli wa kiti alichokalia.

Lakini uhakiki wa kulaani tu ni uhakiki mvivu. Maisha ya baadaye ya mtu huyu yana funzo. Alirudi kwa wavuvi wa kijijini kwao, akaandika riwaya ya Three Fevers mwaka 1932, juu ya familia mbili zinazoshindana baharini kwa chewa, kamba na samoni. Mwaka 1935 ikatengenezwa filamu iitwayo Turn of the Tide. Yeye mwenyewe alihangaika kubuni mtego wa kamba unaokunjika, na akaandika kitabu juu ya jambo hilo. Aliujua uzito wa mtego kwa sababu aliunyanyua. Basi hakukosa kipaji cha kuiona kazi ya mtu wa chini. Kwao aliishi na wavuvi. Huku ukoloni ulikuwa umempa kiti cha juu. Alifariki mwaka 1966.

Je, sisi tumefanya nini? Sanamu iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyesimama juu ni askari mmoja mwenye bunduki. Jina la Kariakoo limetokana na jeshi la wapagazi, na maelfu hununua na kuuza pale bila kulijua hilo. Tukimlaumu mtu wa ndegeni kwa kutoandika habari zetu, tutakuwa tunamdai kazi iliyo yetu.

Kazi yenyewe inajulikana. Waliobeba wamekwisha kufa, lakini Uluguru ni nchi ya koo za upande wa mama, na koo hutunza habari zake. Mwanafunzi aende Matombo, Mgeta na Kisaki, akae chini na wazee, aulize ni mjomba yupi aliyechukuliwa, alipelekwa wapi, na kama alirudi. Ayaandike majibu. Kisha akisome tena kitabu cha Walmsley, akiweka ushuhuda huo kando yake. Hapo ndipo tutakapokuwa na historia ya vita ile iliyo kamili: ya aliyeruka, na ya aliyembebea.