Blakmamba Iliyopungukiwa Vipuri

Raleigh ya miaka ya 1950, ile iitwayo blakmamba, ikiegemezwa kwenye ukuta wa fundi mjini Bondo, mjuzi haanzi na rangi. Anahesabu spoki. Baiskeli za Uingereza za zama hizo zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Akikuta habu ya nyuma ina matundu manne matupu, kisa kizima kiko mbele yake: rimu ilipinda, ya matundu 40 ikakosekana, ikafungwa ya 36. Baiskeli itatembea vizuri tu, ila isiuzwe kwa bei ya iliyo kamili.

Ndiga, kama Wajaluo wanavyoiita baiskeli, haikuletwa huku kuwa pambo. Imebeba samaki kutoka fuo kama Usenge, na kule Busia ikavusha abiria mpakani hadi jina la boda boda likazaliwa. Ndiyo maana nyingi zina keria iliyoongezwa vyuma, mto wa kukalia abiria na nondo za kuimarisha foko. Wapo wakusanyaji wanaovikata vyote hivyo ili baiskeli ionekane kama ilitoka dukani jana. Hilo ni kosa. Keria ya samaki iliyofungwa kwa bolti ni sehemu ya maisha ya baiskeli hiyo, na atakayeichoka ataifungua kwa spana.

Kilichochomelewa ni habari nyingine. Mabomba ya fremu hiyo yaliingizwa kwenye viungo vya chuma, yakashikishwa kwa shaba ya manjano iliyoyeyushwa. Moto wa umeme ni mkali kuliko shaba inavyohitaji. Ukipita hapo, bomba jembamba hudhoofika kando ya mshono, na ufa hutokea papo hapo, karibu na chuma kilichoongezwa. Pitisha ukucha polepole. Ukikwama mahali ambapo rangi inaonekana laini, rudisha pesa mfukoni.

Hesi nazo zina siri yake. Raleigh ilikuwa na kipimo chake cha hesi 26 kwa inchi kwenye vikombe vya krenki, ilhali vikombe vingi vya sokoni vina 24. Kikombe kisicho chake huingia mizunguko miwili, kinakaza, fundi mwenye haraka anakisukuma kwa nguvu, na hesi za fremu zinaliwa. Kikombe kikuukuu chenye kutu kidogo ni bora kuliko kipya kinachong'aa. Anayekwenda soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili kutafuta kipuri, abebe kile kibovu mfukoni akipimie pale pale.

Giya ya mbele ikiwa na vichwa vitatu vya korongo vilivyokatwa ndani ya chuma, ni ya Raleigh. (Ndege huyo wavuvi wa ziwani wanamfahamu vyema kuliko watu wa Nottingham walioitengeneza baiskeli.) Kama kuna habu ya Sturmey-Archer ya giya tatu, futa grisi usome: AW, kisha tarakimu za mwaka na mwezi, mfano 58 na 6, yaani Juni 1958. Muuzaji akiapa, "Omera, hii ni ya kabla ya vita," habu itajibu kwa niaba yako. Habu huweza kubadilishwa, kwa hiyo isome pamoja na fremu, usiisome peke yake.

Kwenye breki ndipo wanaopenda kuboresha huumbuka. Rimu za zamani zilitengenezewa breki za vyuma, ambazo raba zake hubana upande wa ndani, ule unaotazama habu. Ubavu wa rimu ni wa mviringo. Chuma kimoja kikipotea, wengi hung'oa mfumo wote na kufunga breki za waya zinazobana ubavuni. Raba hazipati pa kushika, na mteremkoni mwendeshaji huishia kukanyaga tairi kwa soli ya sandali. Chuma kilichokosekana kingekunjwa na fundi wa jua kali kutoka kwa nondo nyembamba, akifuata umbo la mwenzake wa upande wa pili.

Mwisho, ipande. Kanyaga kwa uzito wote. Pedeli ikiruka kidogo kila mzunguko, ikilia "tok" mahali pale pale, pini ya krenki imelika. Pini yenyewe ni ya bei ndogo. Muulize muuzaji ameendesha muda gani hivyo, kisha ing'oe uangalie kama tundu lake bado ni duara.