Nani Aliua Masega ya Noah ya Nyamisati?

Noah SR40 inayobeba abiria na matenga ya kamba kati ya Nyamisati na Kibiti ilikuwa ikiondoka vizuri alfajiri. Ikishapata moto, nguvu zinakwisha. Dereva anakanyaga mafuta, mizunguko ya injini haivuki elfu tatu, na abiria wa mbele analalamika kuwa kiti kinaunguza. Kwenye Noah hii lalamiko hilo si la kupuuza: injini imelala chini ya viti vya mbele, na ekzosi ikikosa pa kupumulia joto hupanda juu.

Kijiweni walisema pampu ya mafuta. Wengine wakasema kata masega, ile kauri yenye vitundu inayosafisha moshi wa ekzosi, chomelea bomba tupu, utaona gari linavyopaa. Hao wa pili walikaribia ukweli, lakini kukisia si kupima.

Hapa ndipo mashine za kupimia zinapowaangusha mafundi wengi. Msimbo wa P0420, unaosema masega yamechoka, hupatikana kwa kulinganisha sensa mbili za oksijeni: moja kabla ya masega, nyingine baada yake. Noah hii, kama magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990, ina sensa moja tu, ya mbele. Fundi aliunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, akawasha swichi, na taa ya injini ikapepesa kwa mwendo mmoja bila kusita. Maana yake kompyuta haijarekodi kosa lolote. Haikurekodi kwa sababu haina jicho la kuyaona masega.

Akageukia geji ya vakyumu, kifaa cha bei ndogo ambacho gereji nyingi hazina. Aliichomeka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, mshale ulikaa karibu na inchi 18, ambayo ni afya njema kwa injini ya umri huo. Akapandisha mizunguko hadi 2,500 na kuishikilia hapo. Ekzosi ikiwa wazi, mshale hushuka kidogo kisha hurudi. Huu ulianza kuteremka polepole na haukurudi. Moshi ulikuwa hauna pa kutokea.

Kuthibitisha, alifungua sensa ya oksijeni, akaacha tundu wazi, na gari likapelekwa barabarani. Kelele zilikuwa kama za trekta, lakini nguvu zilirudi zote. Jaribio hilo halikugharimu hata shilingi, na mtu akilifanya mapema hanunui pampu ya mafuta bure.

Masega yalipogongwa kwa nyundo ya mpira hayakulia njuga, kwa hiyo hayakuwa yamevunjika. Hilo liliondoa shaka ya kwanza ya mwenye gari. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, kila ugonjwa wa gari huku husingiziwa maji. Ni kweli kauri iliyopata moto ikizamishwa ghafla hupasuka, ila hii ilikuwa imeyeyuka. Ukimulika tochi upande wa mbele, vitundu vilikuwa vimegandamana kuwa donge la kijivu linalong'aa.

Kauri ya masega haiyeyuki kwa kazi yake ya kawaida. Huyeyuka pale petroli isiyoungua kwenye silinda inapokwenda kuungulia humo. Plagi mbili zilitoka nyeusi, zimelowa oili, ilhali injini haikuwa inakula oili. Dereva alipoulizwa anajaza wapi, jibu likapatikana: akikwama Nyamisati hununua kwenye madumu, na baadhi ya madumu hayo ni ya boti, petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili. Kwa injini za boti za mipigo miwili mchanganyiko huo ni halali, maana hazina masega wala oili ya kwao pembeni. Kwa Noah ni sumu ya polepole: plagi zinachafuka, silinda inamisi, masega yanalipa.

Basi zikaanza kubadilishwa plagi na waya zake, na tangi likakaushwa, kabla ya masega kuguswa. Mpangilio huo ndio ninaousifu kuliko yote. Masega mapya yangefungwa kwanza, yangeungua vilevile.

Kufungua kulichosha, maana hewa ya chumvi ilikuwa imezikamata nati. Zilipashwa moto, na mbili zikakatika. Masega ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, yalikaguliwa kwa tochi hadi mwanga ukapenya kila tundu, yakatikiswa, yakafungwa kwa gasketi mpya. Gundi ya silikoni, kipenzi cha mafundi wetu, ilikatazwa kwa sababu mvuke wake huharibu sensa. Bati la kuzuia joto likarudishwa pia, maana gari hili huegeshwa kwenye mikorosho juu ya nyasi kavu.

Geji iliporudishwa, mshale ulishuka, ukapanda, ukatulia.

Fundi akikuambia masega yameziba, kabla hujatoa hela mtake akuoneshe kilichoyaziba. Akishindwa, tafuta mwingine.