Riwaya za Kezilahabi na Mashirika Yaliyozitoa

Mwalimu akitaja riwaya darasani hutaja mwandishi wake, na pengine mwaka. Habari za mchapishaji humwachia karani wa maktaba. Wahakiki wetu nao hawana tofauti kubwa: jina la shirika huwekwa mabanoni, mwishoni mwa makala, lisiguswe tena. Twadhani mazoea haya yameuponza uhakiki wa Kiswahili, na kwa ushahidi twazichukua riwaya nne za kwanza za marehemu Euphrase Kezilahabi.

Rosa Mistika (1971) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) zilitolewa na East African Literature Bureau, Nairobi. Kichwamaji (1974) ilitolewa na East African Publishing House, mjini humo humo. Gamba la Nyoka (1979) ilitoka Arusha, kwa Eastern Africa Publications. Kwa kawaida mfuatano huu husomwa kuwa ni safari ya moyo wa mwandishi: alianza na msichana aliyeharibikiwa, akapita katika kukata tamaa kwa Kazimoto, mwishowe akafika katika vijiji vya ujamaa. Safari hiyo ipo, hatuikatai. Lakini ilikuwa pia safari ya miswada kutoka mlango hadi mlango, na milango hiyo ilikuwa na wenyewe.

Tulitazame hilo Bureau. Liliundwa mwaka 1948, zama za ukoloni, likiwa chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1961 likarithiwa na shirika la huduma za pamoja, na mwaka 1967 likawa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao yake yalibaki Nairobi, ila mwenye mali alibadilika mara mbili. Na kazi iliyoanzishwa na watawala wa kigeni ili wenyeji wapate vitabu vya kusoma ikaangukia mikononi mwa serikali tatu huru. Basi Rosa Mistika ilipotoka, ilitolewa na shirika ambalo Tanzania ilikuwa mmoja wa wenyewe. Serikali hiyo hiyo ya Tanzania ndiyo iliyoipiga marufuku shuleni. Mhakiki anayeisimulia marufuku hiyo kana kwamba ni ugomvi wa mwandishi na wakubwa tu hajasema nusu ya jambo. Maoni yetu ni kwamba umbali wa Nairobi na Dar es Salaam uliisaidia riwaya hii kuzaliwa: mali ya watu watatu haina jicho moja la kuilinda. Na tusisahau Dunia Uwanja wa Fujo, ambayo mhusika wake Tumaini anaishia kunyongwa kwa kumuua mtu wa serikali. Hiyo nayo ilitolewa kwa fedha za serikali! Anayedai kuwa siasa ilimfikia Kezilahabi mwaka 1979 hana budi kuirudia riwaya hii ya 1975.

Umbali ule ule uliozaa ndio uliokuja kudhuru. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Kitabu cha mtu wa Ukerewe, kinachohusu watu wa Ukerewe, kikawa kimechapwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Huko Kenya sheria ya mwaka 1980 iliunda Kenya Literature Bureau. Kwa sisi wa nchi za jirani, vitabu vya Bureau la zamani vyenye majina ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam katika ukurasa wa mbele vilikuwa kama ramani ya mahali pa kuagizia. Ramani ikabaki, njia zikafa.

Husemwa mara nyingi kuwa wageni ndio waliotunyima vitabu, na kwamba shirika likiwa la wenyeji vitabu vitadumu. Historia ya East African Publishing House haikubaliani na kauli hiyo moja kwa moja. Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1965, lilikuwa na orodha ya kuonewa wivu: Song of Lawino ya Okot p'Bitek mwaka 1966, Kiu ya Mohamed S. Mohamed mwaka 1972, na tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, mwaka 1975. Katika miaka ya 1980 madeni yakalimaliza.

Wakati huo Heinemann ya London ilikuwa ikiuzwa na kuuzwa tena: kwa BTR mwaka 1983, kwa Octopus mwaka 1985, kwa Reed mwaka 1987. Tawi lake la Nairobi, chini ya Henry Chakava, likajikwamua polepole katika vurugu hiyo hadi likawa East African Educational Publishers mwaka 1992, mali ya wenyeji kamili. Ni shirika hili lililokuja kuitoa upya Song of Lawino. Kilichokiokoa kitabu hicho, kwa maoni yetu, hakikuwa utaifa wa mwenye hisa. Alikuwapo mtu aliyekitaka pamoja na hakimiliki yake, tena akijua kuwa madarasa ya Kiingereza ya nchi tatu yangekinunua. Kichwamaji nayo ilipata mlezi mwingine jijini humo, Vide-Muwa, lakini baada ya miaka mingi. Je, kimya cha wahakiki juu yake ni hukumu ya ubora wake, au ni kwamba wengi hawakuwa nayo mkononi? Sisi twaelekea kwenye jibu la pili.

Jambo hili hutufikia hata katika kusahihisha. Wanafunzi wawili hunukuu kifungu kimoja cha Rosa Mistika na kutaja kurasa mbili tofauti, naye mwalimu mwenye toleo la tatu huwakata alama wote wawili. Kabla ya kalamu nyekundu, na waulizwe kitabu chao kilichapwa na nani.