Ruta Tatu za Mtumba

Ukiwa na fedha za ruta moja nzuri, nunua tatu za kawaida. Huo ndio ushauri wangu kwa kila kijana anayetaka kujifunzia mitandao nyumbani, na nautoa kwa moyo wote, kwa kuwa ruta iliyo peke yake, hata iwe na kasi ya namna gani, haina jirani wa kuzungumza naye. Itifaki za ruta, yaani OSPF, EIGRP na BGP, zote ni mazungumzo ya majirani: nani anaufikia mtandao upi, na kwa gharama gani. Ruta mbili zina njia moja tu baina yao. Ya tatu ikiongezwa, pembetatu inakamilika, na sasa unaweza kukata njia moja ukaitazama data ikizungukia nyingine.

Kuzichagua hizo tatu ni ufundi, nami nauheshimu kama ufundi wowote wa mikono. Unaanza na jicho. Cisco 2611 na 2621 hufanana kama kurwa na doto, kumbe milango ya Ethaneti ya ile ya kwanza ni ya megabiti 10 kwa sekunde na ya pili ni ya 100. Zote mbili ningeziacha mezani, kumbukumbu yao ni finyu mno. Mimi huitafuta 1841, iliyotoka mwaka 2004. Ina milango miwili ya megabiti 100, haivumi kama 2811 (na wenye nyumba ya vyumba viwili wanajua uzito wa jambo hilo), na mfumo wake, IOS, unafika toleo la 15.1, linaloielewa IPv6 vizuri. Kwa ofisi ya leo ni ya polepole. Ndiyo sababu imeuzwa, na ndiyo sababu mwanafunzi anaimudu. Mwenye uwezo zaidi achukue 1941, yenye milango ya gigabiti. Kadi za WIC-2T, za milango ya serial, usizilipie: mtihani wa Cisco wa CCNA uliofumuliwa mwaka 2020 umeachana na mambo ya serial.

Kisha omba iwashwe, iwe uko Luthuli, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam. Chomeka waya wa konsoli, weka kasi ya 9600, andika show version, usome taratibu: kumbukumbu ni kiasi gani, toleo ni lipi. Ikigota kwenye rommon, yaani programu ndogo ya kuwashia, bila kuifikia IOS, huenda kadi ya flashi ilichomolewa huko ilikotoka. Hapo teremsha bei sana au aga, maana IOS haigawiwi bure. Hupakuliwa na mwenye mkataba na Cisco.

Nenosiri la mmiliki wa zamani lisikutishe. Zima, washa, na ndani ya dakika ya kwanza bonyeza Break. Andika confreg 0x2142, halafu reset. Itaamka bila kusoma usanidi uliohifadhiwa. Humo pengine zimebaki anwani na siri za ofisi ya watu. Zifute bila kuzichungulia. Katika ufundi huu wote, hilo ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine. Baadaye rudisha 0x2102.

Ikiwa hata 1841 tatu ni mzigo, tafuta MikroTik hAP lite zilizotumika. Kampuni hiyo ya Riga, Latvia, imeweka OSPF na BGP hata kwenye kiboksi hicho kidogo.

Wapo wanaosema Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, inatosha, na kwa kujifunza amri inatosha kweli. Lakini weka swichi kati ya ruta mbili zinazoendesha OSPF, kisha ng'oa waya wa ile ya mbali. Iliyobaki haijui lolote, kwani taa ya mlango wake bado inawaka. Imezoea salamu kila baada ya sekunde 10, na itasubiri hadi sekunde 40 kabla ya kukubali kuwa jirani hayupo. Zihesabu ukiwa umeushika waya mkononi. Kisha punguza salamu ziwe kila sekunde 1 na subira iwe sekunde 4, pande zote mbili, la sivyo hazitakubali kuwa majirani, halafu ung'oe tena.