Jengo Juu ya Jengo

Makao makuu ya bandari ya Antwerp, nchini Ubelgiji, yana sehemu mbili zilizopishana kwa karibu karne nzima. Chini ni kituo cha zamani cha zimamoto, kilichojengwa mwaka 1922 kwa kuiga jumba la kale la wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa zamani wa miji ya biashara. Juu ni ofisi za vioo zilizofunguliwa mwaka 2016. Zimamoto walipohama, bandari ililichukua jengo hilo la kando ya maji ili kuwaweka pamoja wafanyakazi wake wapatao 500, waliokuwa wametawanyika mjini.

Kazi ilipewa Zaha Hadid, msanifu majengo mzaliwa wa Iraki, na ustadi wake ulianza kwa kumsikiliza aliyetangulia. Kituo kilihifadhiwa kisheria, na pande zake zote nne zilikuwa na hadhi sawa. Kujenga ubavuni kungeufunika upande mmojawapo. Tena, michoro ya awali ilikuwa na mnara ambao haukujengwa kamwe. Basi ofisi mpya zikapandishwa juu, mahali ambapo jengo lenyewe lilikuwa likisubiri kimo.

Kupanda juu bila kulemea ndiyo sehemu ngumu ya ufundi huu. Ofisi hizo, zenye urefu unaozidi mita 100, zimeshikwa na nguzo kubwa za zege. Moja inachomoza kutoka ua wa ndani ikiwa na ngazi na lifti, na nyingine inasimama nje. Kuta za zamani hazikubebeshwa mzigo huo. Ua nao umeezekwa kwa kioo na kuwa ukumbi wa mapokezi.

Ngozi ya jengo jipya ni pembetatu za vioo. Upande mmoja zimelala bapa, kisha zinazidi kuinuka na kukunjana mithili ya mawimbi, huku zikikumbusha almasi zilizoupa mji huo sifa. Baadhi hupitisha mwanga, nyingine huzuia jua kali. Ardhini, maji huzungushwa hadi kina cha mita 80 kupitia visima zaidi ya 100 ili kupasha joto na kupoza vyumba.

Hadid alifariki Machi 2016, miezi michache kabla ya ufunguzi. Kazi yake inathibitisha kwamba usasa hauhitaji kubomoa: fundi hodari huongeza kilicho chake, na cha mwenzake kikabaki kizima.